Meno Thelathini na Manne

Bitega, wewe uko Tabora
ambako barabara imelala kama mkeka
na mlima wa karibu ni tuta la reli.
Uliniandikia: chukua ya titani,
kumi na moja kwa ishirini na nane,
meno yamekaribiana, gia hazirukiruki,
mguu hausikii cheni inapohama.
Ukanitajia uzito wake kwa gramu
kama mkunga anayesoma mizani ya kichanga.

Nilipomwambia mama nanunua kaseti
alisema redio yetu ilikufa zamani,
na nyimbo za nini tena, mtu mzima.
Nikamwonyesha picha: pete kumi na mbili
zimepangwa kwa ukubwa
kama sufuria za bi harusi, moja ndani ya nyingine.
Akauliza bei.
Nikamtajia nusu.
Hata hiyo nusu ilimkalisha chini.

Siku tisa nimepiga hesabu
zamu ya usiku, Maweni,
nyuma ya karatasi za dripu.
Laki tisa kwa hii, laki tatu na nusu kwa ile.
Ile ni ya chuma, inafika thelathini na nne,
na imeizidi hii gramu mia moja na arobaini.
Gramu mia moja na arobaini ni kitu gani?
Nilimwomba muuza dagaa wa Kibirizi anipimie.
Viganja vinne.
Viganja vinne ninavyokula asubuhi kwa ugali wa muhogo
bila kujuta,
kisha napanda baiskeli kuutafuta wepesi kwenye titani.

Fundi Ntakije hakutaka kuona hesabu zangu.
Ana kibanda cha bati pale Mwanga
na ufunguo wa kaseti aliouchonga mwenyewe
kutoka bomba bovu la maji.
Alinibonyeza goti, hili la kulia,
akauliza, "Na hili linauzwa wapi?"
Akaniamuru nipande kutoka stesheni hadi kwake
na gia zangu za zamani, mara tatu,
nihesabu ni wapi nimetamani nyingine.

Safari ya kwanza nilitamani mara moja.
Ya pili niliacha kuhesabu.
Ya tatu nilisimama juu ya pedeli
nikanyonga kama mtu anayezungusha peke yake
kinu cha mawese,
na kijana mwenye baiskeli isiyo na gia hata moja,
madumu manne nyuma,
aliyekuwa ameshuka anaisukuma,
akanipita kwa miguu.
"Mwakeye," akasema, bila kejeli.
Hapo ndipo paliponiuma.

Basi nisamehe. Nimechukua ya chuma.
Najua itaruka kutoka ishirini na moja hadi ishirini na nne
na mguu utashtuka
kama wa mtu aliyekosa ngazi gizani.
Najua nikija kwako, njia ya Nzega, utaniacha,
utasimama mbele kunisubiri unakunywa maji,
nami nitakuchukia kidogo.
Lakini mimi hurudi nyumbani kwa kupanda
baada ya saa kumi na mbili za kusimama.
Titani haijui hilo.
Hata wewe, ndugu yangu, hukuniuliza.

Imefungwa jana. Ntakije alifuta mikono,
akalizungusha gurudumu la nyuma, likalia
mfululizo, kama konda mwenye haraka
anayehesabu sarafu.
Alidai elfu kumi na soda.
Nilimpa elfu kumi; soda tuligawana.

Leo alfajiri nimetoka zamu.
Mgonjwa wa kitanda cha sita hakuiona asubuhi,
na sikuwa na miguu ya kusema nayo.
Nikashusha gia. Nikashusha tena.
Pale kwenye shimo lisilozibwa
kidole kilitafuta nyingine, kwa mazoea tu ya kukosa,
kikaikuta ipo.

Sikuitumia.
Nilipanda hadi juu polepole
nikijua imebaki moja.